Kujifunza Kuona: Somo la Picha za Maua na Maisha ya Kila Siku kutoka Handeni na Korogwe



Utangulizi

Ndugu msomaji, kila likizo inapofika sisi mafrateri wa falsafa hutumwa maparokiani kwa mazoezi ya kichungaji. Katika begi la frateri hakukosekani vitu vitatu: kitabu cha sala, rozari na simu yenye kamera. Viwili vya kwanza tulifundishwa kuvitumia tangu seminari ndogo. Cha tatu kila mmoja wetu alijifundisha mwenyewe, na hakuna aliyetuuliza tunakitumia kutazama nini.

Tuliopangiwa upande wa Handeni na Korogwe, katika Jimbo la Tanga, tuliamua kukifanya kitu hicho cha tatu kuwa somo. Pamoja na vijana wa kigango tulijaribu kupiga picha kwa namna ambazo hatukuzizoea: picha za maua, za ndoo za maji, za vivuli ukutani, za gulio, na hata picha zisizotumia kamera kabisa. Makala hii inaeleza tulichojifunza, ili nawe uweze kujaribu katika jumuiya yako. Tutaanza na mwanga wenyewe, tutaingia kwenye mazoezi, kisha tutauliza maswali mawili ya kifalsafa: uzuri ni nini, na je, picha inaweza kusema uongo? Mwisho tutafika kwenye jambo zito kuliko yote, yaani heshima ya mtu anayepigwa picha.

1. Mwanga unaoandika

Jina ambalo lugha za Ulaya huutumia upigaji picha lilienea kuanzia mwaka 1839, nalo limeundwa na maneno mawili ya Kigiriki: mwanga na kuandika. Kiswahili chetu kimechagua njia nyingine. Sisi tunasema kupiga picha. Tunapiga ngoma, tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga magoti. Vilevile tunapiga fimbo na tunapiga risasi. Kitenzi kimoja kinabeba sala na kinabeba maumivu. Tuliweke neno hilo akilini, maana tutalirudia.

Watu wengi hudhani kwamba picha za mambo ya kawaida, kama vile mlango, fagio au jani, ni mchezo uliokuja baadaye, baada ya wapigapicha kuchoka kupiga wafalme na vita. Historia inasema kinyume. Picha ya zamani zaidi inayojulikana ya mandhari, aliyoitengeneza Mfaransa Nicéphore Niépce mnamo mwaka 1826 au 1827, inaonyesha mapaa yaliyoonekana kutoka dirishani kwake. Mwingereza William Henry Fox Talbot alipiga dirisha la nyumba yake mwaka 1835, akaweka majani na maua juu ya karatasi yenye dawa ili jua liyachore, na baadaye akatoa picha maarufu ya fagio lililoegemezwa penye mlango ulio wazi. Mwaka 1843 Anna Atkins, mwanamke wa Uingereza, alianza kutoa kitabu cha picha za mwani, mmea ambao jamaa zake huanikwa na akina mama wa pwani yetu. Hakutumia kamera. Aliulaza mwani juu ya karatasi, akauacha juani, na karatasi ikageuka buluu isipokuwa pale mmea ulipolala. Kitabu hicho huhesabiwa kuwa cha kwanza duniani kupambwa kwa picha za mwanga.

Na huku kwetu? Katika karne ya 19 Wagoa kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho walikuwa na studio Zanzibar, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua hapo Capital Art Studio. Maana yake ni kwamba ufundi huu una mizizi mirefu Afrika Mashariki. Hatuuazimi leo kwa sababu tu simu zimekuwa rahisi.

2. Fundisho la tundu la bati

Kabla ya kushika simu tulianza na paa. Vigango vyetu vingi vimeezekwa bati, na kila bati la siku nyingi lina matundu ya misumari. Ingia kanisani saa sita mchana siku ya jua, funga milango na madirisha, kisha tazama sakafu. Utaona miduara midogo ya mwanga. Sasa panda kwa macho hadi kwenye matundu yenyewe. Mengine ni ya mraba, mengine yamechanika kama mdomo. Kwa nini tundu lisilo la duara litoe mwanga wa duara?

Swali hili ni la zamani sana. Limo katika mkusanyo wa matatizo unaohusishwa na Aristotle, nalo lilibaki bila jibu la kuridhisha kwa karne nyingi. Ibn al-Haytham, mtaalamu wa Kiislamu aliyefanya kazi Kairo mwanzoni mwa karne ya 11, alilichunguza kwa majaribio, na Johannes Kepler alitoa maelezo kamili mwaka 1604. Jibu ni hili: ule mduara si umbo la tundu, ni sura ya jua. Kila tundu dogo ni kamera. Kama paa liko juu ya sakafu kwa mita 3 na kidogo, na jua liko utosini, mduara huwa na upana wa sentimita 3 hivi. Wenye kukumbuka tarehe 1 Septemba 2016, siku jua lilipopatwa na watu wakakusanyika Rujewa mkoani Mbeya kuliona likiwa pete, wanaweza kuelewa jambo hili vizuri. Siku kama hiyo miduara yote ya sakafuni hugeuka kuwa hilali, kwa sababu jua lenyewe limekuwa hilali.

Vijana walipoelewa hivyo walinyamaza kwa muda, kisha mmoja akasema: "Kumbe siku zote tumekuwa tukikanyaga picha za jua." Aristotle anafundisha kwamba falsafa ilianza kwa mshangao, yaani mtu kutazama kitu alichokizoea akagundua kwamba hakijui. Kama tundu la msumari linaweza kutufikisha hapo, basi darasa la falsafa halihitaji jengo kubwa.

3. Zoezi la kwanza: picha ya manjano

Mwaka 1842 mtaalamu wa Uingereza, John Herschel, alieleza majaribio yake ya kutengeneza picha kwa maji ya maua. Petali zilipondwa, maji yake yakapakwa kwenye karatasi, na jua likafanya kazi iliyobaki. Njia hii haihitaji dawa za maabara. Sisi tuliijaribu kwa kiungo kilichomo katika kila jiko, yaani manjano.

Mahitaji: manjano ya unga, spiriti, kitambaa cha kuchujia, karatasi nyeupe nzito kidogo, brashi au pamba, kipande cha kioo, na magadi.

Hatua ya kwanza: changanya kijiko kikubwa kimoja cha manjano na robo kikombe cha spiriti. Koroga, acha itulie, chuja. Fanya kazi hii mbali na moto, kwa kuwa spiriti hushika moto haraka.

Hatua ya pili: paka karatasi ndani ya chumba chenye giza, iache ikauke humo humo.

Hatua ya tatu: laza juu yake ua au jani lililo bapa. Jani la mpapai, la muhogo au la mchaichai hutoa umbo zuri. Funika kwa kioo ili lisipeperuke, kisha weka juani. Kwa jua kali la mchana, saa moja hadi tatu hutosha.

Hatua ya nne: ondoa jani. Sehemu iliyopigwa na jua itakuwa imepauka, na iliyofunikwa itabaki ya njano. Ukipitisha karatasi katika maji yenye magadi kidogo, njano hugeuka kuwa nyekundu ya kahawia na umbo huonekana wazi zaidi.

Unaweza kujaribu pia maji ya mchicha, ya rozela au ya bogenvilia. Hayo huenda polepole. Karatasi itahitaji siku kadhaa juani, na kazi nyingine hukataa kabisa kutokea. Anayefanya majaribio akubali hilo.

Jambo moja lilizua mjadala. Picha ya namna hii haiwezi kuzuiwa isififie. Mwanga ulioiumba ndio utakaoifuta. Ukitaka idumu uifungie ndani ya kitabu, na kila unapoifungua ili uitazame, unaipunguza uhai wake. Kijana mmoja aliuliza, "Sasa ina faida gani?" Mwenzake, ambaye baba yake hufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya upande wa Ngombezi, alimjibu kwa mfano anaoujua. Mkonge hukaa miaka mingi ukitoa majani tu, halafu siku moja hutoa mlingoti mrefu kuliko nyumba, huchanua mara moja tu maishani, huacha vitoto, kisha hufa. "Hakuna anayesema mkonge umepoteza muda," alisema. Hatukuwa na la kuongeza.

4. Zoezi la pili: namna tano za kutumia simu

Huhitaji simu ya bei kubwa, wala bando. Chagua kitu kimoja karibu na nyumbani kwako ukijaribu kwa namna zifuatazo.

*Kutazama dhidi ya mwanga.* Tumezoea kuambiwa tuliache jua nyuma yetu. Fanya kinyume. Saa moja asubuhi, simama upande wa pili wa ua la boga ili jua lipite katikati ya petali. Utaona mishipa yake kama unavyoona ya mkono wako ukiufunika kwenye tochi.

*Kutazama kwa kupitia kitu.* Piga kupitia chandarua, glasi ya maji au kanga nyepesi iliyoanikwa. Tone dogo la maji likiwekwa kwa uangalifu juu ya lenzi ya simu huikuza picha. Mdudu chungu juu ya ua la mwembe huwa mkubwa kama ng'ombe. Futa tone hilo mara unapomaliza.

*Kutazama ndani ya maji.* Ndoo iliyojaa chini ya mti ni kioo. Katika ndoo ya akina mama wanaosubiri zamu kisimani huko Handeni, ambako kiangazi kinajua kukaa, tuliona wingu, jani na ukingo wa kitenge kwa pamoja. Hakuna ambaye angevipanga hivyo.

*Kuruhusu mwendo.* Katika stendi ya Korogwe mabasi ya Moshi na Arusha husimama kidogo, na wauza machungwa, mahindi na mayai hukimbilia madirishani. Jioni, mwanga unapopungua, simu hupiga polepole na mikono ile huwa kama maji yanayotiririka. Kwa kawaida tungeifuta picha hiyo kuwa imeharibika. Tazama tena: labda ni picha ya kweli zaidi ya haraka ya mtu anayetafuta riziki ndani ya dakika tatu.

*Kurudia.* Piga mti mmoja, kutoka mahali pamoja, kwa siku saba, baada ya Masifu ya Asubuhi na kabla ya Masifu ya Jioni. Siku ya pili utachoka. Siku ya nne utagundua kwamba hukuwa umeuona mti huo. Sisi mafrateri tunaorudia zaburi zile zile tulipaswa kulifahamu jambo hili mapema kuliko wengine.

5. Uzuri kadiri ya Mtakatifu Tomaso

Sasa tuje kwenye falsafa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba vitu vizuri ni vile ambavyo kuviona kwenyewe kunatupendeza, na anataja mambo matatu yanayohitajika: ukamilifu, uwiano na mng'ao. Tujaribu kuyapima mafundisho hayo kwa ua moja la boga.

Ukamilifu maana yake kitu kisipungukiwe na kile kinachokifanya kiwe hicho kilicho. Je, ua lililoliwa na mdudu limepoteza uzuri? Baadhi yetu walisema ndiyo. Wengine walijibu kwamba ua la boga lipo ili litembelewe. Wadudu ni sehemu ya maisha yake, na petali yenye tundu inasimulia habari kamili kuliko ua la plastiki. Mjadala huo ulitufundisha kutochanganya ukamilifu na usafi wa dukani.

Uwiano ni mpangilio wa sehemu kwa sehemu, na pia wa kitu na yule anayekitazama. Picha iliyopigwa kwa kuinama hadi usawa wa ua ina uwiano mwingine kuliko ile iliyopigwa kwa kusimama juu yake. Tunapochagua urefu wa kupigia picha, tunachagua uhusiano.

Mng'ao ndio ugumu. Wengi hudhani ni rangi kali, na programu za simu huziongeza rangi hadi jani linakuwa kama limepakwa mafuta. Wafuasi wa Mtakatifu Tomaso wameuelewa mng'ao kwa undani zaidi: ni ule uwezo wa kitu kujidhihirisha, asili yake kuangaza kupitia umbo lake. Ndiyo maana fagio lililoegemezwa mlangoni laweza kung'aa, na karamu iliyojaa taa ising'ae. Bwana wetu alipotaka kuwaponya wanafunzi wake na mahangaiko, aliwaelekeza wayatazame maua ya kondeni, ambayo hakuna aliyeyapanda, akayaweka juu ya fahari ya Sulemani. Hakuwapa hoja ndefu; aliwapa zoezi la kutazama. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba tusishangae kama kwa asiyejifunza kusimama mbele ya kilicho kizuri kila kitu kinakuwa kitu cha kutumiwa na kudhulumiwa bila kujali.

6. Je, picha ya majaribio ni uongo?

Mzee mmoja wa kanisa alipoziona picha zetu aliuliza kwa haki: "Ua hili si la kijani, ninyi mmelifanya kahawia. Si uongo huo?"

Falsafa ya Mtakatifu Tomaso inatusaidia. Kweli ni ulinganifu wa akili na kitu, na mahali pake hasa ni katika hukumu ya akili, yaani pale tunaposema jambo fulani ndivyo lilivyo au sivyo. Jani la kahawia kwenye karatasi ya manjano halidai kwamba majani ni ya kahawia. Kila anayeliangalia anajua ni umbo lililoachwa na jua. Uongo huanza pale picha inapokabidhiwa maneno ya kudai kisichokuwepo. Mara nyingi hukaa katika mstari mdogo wa maelezo chini ya picha kuliko katika picha yenyewe.

Tuchukue mifano miwili. Mwaka 1898, mjini Torino, mwanasheria Secondo Pia alipiga picha ya Sanda Takatifu. Alipoisafisha aliona jambo la ajabu: katika bamba hasi, ambalo kwa kawaida hugeuza nyeupe kuwa nyeusi, uso ulionekana kwa uwazi kuliko katika kitambaa chenyewe. Hapo ugeuzaji wa rangi ulifunua kitu. Kanisa halijatoa tamko la kuthibitisha asili ya kitambaa hicho, lakini hakuna anayesema Pia alidanganya. Alionyesha alichokipata na namna alivyokipata.

Mfano wa pili: mtoto amecheza mpira mchana kutwa, vumbi limemjaa, kaptula imechanika. Anapigwa picha iliyo wazi, isiyobadilishwa rangi hata kidogo. Kisha inaandikwa chini yake kwamba ni yatima asiye na chakula, wakati mama yake yuko jikoni anasonga ugali. Picha hiyo haina jaribio lolote la kisanii, na ni uongo mtupu. Siku hizi ambapo kompyuta huweza kutunga uso wa mtu asiyewahi kuzaliwa, kanuni hii inatufaa zaidi: cheza na mwanga kadiri utakavyo, ila usicheze na ushuhuda.

7. Ua lina jina, na mtu je?

Hapa tunafika kwenye kiini cha somo. Juu ya Korogwe imesimama milima ya Usambara. Katika misitu yake huota ua dogo la urujuani lenye majani ya manyoya, ambalo leo liko madirishani katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Mwaka 1892 ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia kwa heshima ya familia hiyo. Ua likapata jina la baron. Waliokuwa wakiyapita maua hayo kila siku katika njia za msituni hawakuingia katika jina hilo.

Mwaka huo huo wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza mkonge. Kati ya miche elfu moja iliyotoka Florida, iliyosalimika ni 62 tu, na kutokana nayo yakaenea mashamba ya Tanga, Korogwe na kwingineko. Watu walioletwa kutoka mbali kufanya kazi katika mashamba hayo tunajua waliitwaje: manamba. Mtu alipewa namba, na namba ikawa jina lake. Hesabu ya miche imehifadhiwa hadi leo. Majina ya waliokata majani yake yamehifadhiwa na nani?

Picha yaweza kufanya kazi ile ile ya namba. Ndiyo sababu tulisema tulikumbuke neno kupiga. Mtu akipigwa picha bila kuulizwa, akapelekwa mahali asipopajua, akawa "mwanamke maskini wa Afrika", amegeuzwa kuwa namba. Nasi watu wa Kanisa tusidhani jambo hili linawahusu wengine tu. Miradi ya parokia huhitaji wafadhili, na wafadhili huomba picha. Kishawishi cha kuchagua uso wenye huzuni kuliko wote ni kikubwa, kwa sababu tunajua unafanya kazi.

Tuseme pia upande wa pili kwa uaminifu. Mwaka 1984 Mohamed Amin, mpigapicha wa Kenya aliyeanza kazi yake Dar es Salaam, alirekodi njaa ya Ethiopia. Picha hizo ziliuamsha ulimwengu, na misaada iliyofuata iliokoa maisha ya watu wengi. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mateso yasipigwe picha kamwe. Anayenyamaza kuhusu njaa hamheshimu mwenye njaa. Lakini tofauti ipo: Amin alionyesha njaa iliyokuwepo, kwa ukubwa wake. Hakumvalisha mtu huzuni ambayo si yake.

Tulipata mwanga wa jambo hili katika kigango kimoja cha Handeni. Tulimwomba bibi mmoja ruhusa ya kumpiga picha alipokuwa akipukuchua mahindi. Tulimwamkia, akatujibu "Marahaba wanangu," kisha akauliza, "Picha yenyewe inakwenda wapi?" Tukamweleza. Akasema, "Basi ngojeni." Akaingia ndani, akakaa kitambo, akatoka amevaa kanga mpya. Aliacha mahindi, akaketi kando ya bogenvilia aliyoipanda mwenyewe mlangoni, akaweka mikono juu ya magoti. "Hapa ndipo nipo," akasema. "Sasa pigeni."

Kwa vipimo vyetu picha ya mahindi ingekuwa nzuri zaidi: mwanga ulikuwa pembeni, vumbi la makapi lilikuwa hewani. Hata hivyo bibi alikuwa ametufundisha Mtakatifu Tomaso bila kitabu. Mtu si kitu kinachosubiri kung'arishwa na mpigapicha. Anajidhihirisha mwenyewe, kwa hiari yake, na hilo ndilo linalomtofautisha na ua. Ua la boga haliwezi kusema "ngojeni". Mtu anaweza, na asipopewa nafasi ya kulisema tumemnyang'anya kitu kilicho chake kwa asili. Hata sheria ya nchi yetu, kupitia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inatambua kwamba taarifa za mtu hazichukuliwi ovyo. Lakini kabla ya sheria kuna adabu, na adabu yetu inaanza kwa shikamoo.

Tulikubaliana basi kanuni nne, nazo tunakupendekezea. Kwanza, salimia kabla ya kutoa simu. Pili, uliza, na ueleze picha itakwenda wapi. Kwa mtoto, muulize mzazi. Tatu, mwonyeshe mhusika picha, na akisema ifutwe, ifute mbele yake. Nne, picha ya mtu usiyetaka uso wako uonekane kama wake, usiitume.

Na ndani ya Misa Takatifu? Mwezi Novemba 2017 Baba Mtakatifu Fransisko alisema wazi kwamba humhuzunisha kuona simu nyingi zimeinuliwa wakati wa adhimisho, hata mikononi mwa mapadre. Padre hualika tuinue mioyo. Parokia ikihitaji kumbukumbu, mtu mmoja aliyeteuliwa anatosha. Wengine tunayo kazi nyingine saa ile.

Hitimisho

Ndugu msomaji, upigaji picha wa majaribio unafundisha mambo ambayo seminari nayo inayatafuta: uvumilivu wa kungoja mwanga, unyenyekevu wa kupiga magoti mbele ya kitu kidogo, ukweli katika maneno tunayoyaandika chini ya kile tulichokiona, na heshima mbele ya uso wa mwenzetu. Anayejizoeza kulitazama ua moja kwa siku saba anajiandaa pia kumtazama mgonjwa mmoja kwa saa nzima bila kuangalia saa.

Kwa ajili ya jumuiya ndogo ndogo, tunapendekeza maswali haya:

1. Ni kitu gani cha kawaida nyumbani kwako ambacho hujawahi kukitazama kwa makini? Kitazame wiki hii, kwa simu au bila simu, kisha uwasimulie wenzako.
2. Chagueni picha moja ambayo parokia au kigango chenu kiliituma nje. Je, waliomo ndani yake wanajua ilikokwenda? Wangeifurahia?
3. Je, kuna mtu katika jumuiya yenu ambaye watu humtaja kwa shida yake badala ya jina lake? Mtafanya nini ili arudishiwe jina?

Mungu aliyeanza uumbaji kwa mwanga atujalie macho yanayoona.